Mbona Hukuniacha Nijibu?

Daktari alimtazama mama yangu mara moja, kisha akanigeukia mimi. "Usingizi anapata?" Nikajibu kwamba anapata. "Chakula je?" Nikajibu. "Dawa za presha anameza kila siku?" Nikajibu hilo pia, haraka, kwa uhakika wa mtu aliyeizoea kazi hiyo. Mama alikaa katikati yetu, mkoba mapajani, mikono yote miwili juu ya mkoba, macho yakitoka kwangu kwenda kwa daktari na kurudi, kama mtu anayesikiliza kesi yake ikisomwa na mawakili. Dakika kumi zikapita hivyo. Tulipotoka nje alisimama avute pumzi, akashika ukuta, akaniuliza bila hasira yoyote: "Mwanangu, mbona hukuniacha nijibu?"

Nimekaa na swali hilo muda mrefu, na kinachonisumbua zaidi ni kwamba siku ile hakuna aliyemkosea adabu. Daktari alimwamkia. Muuguzi alimshika mkono kumvusha kizingiti. Watu kwenye foleni walimpisha kiti. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha shughuli zangu nimpeleke. Ungemuuliza yeyote kati yetu angekuambia kwamba mama yule amepewa heshima yake yote. Na bado alitoka mle chumbani bila kuulizwa habari za mwili wake mwenyewe.

Tunapozungumzia haki na utu wa wazee, mawazo hukimbilia kwenye kutelekezwa: mzee mwenye njaa, mzee asiye na pa kulala, mzee aliyetupwa na watoto wake. Hayo yapo, na yanaumiza. Lakini upo unyang'anyi mwingine unaotendwa na watu wema, mchana kweupe, kwa sauti ya upole, nao ni kumnyang'anya mzee neno lake. Mtu anaogeshwa, analishwa kwa wakati, anabadilishiwa shuka, na katika yote hayo hakuna anayemuuliza anataka nini. Kwangu mimi utu wa mtu unaanzia kwenye kuulizwa. Asipoulizwa, hata atunzwe vizuri namna gani, anakuwa kitu kinachotunzwa, kama vyombo vya kabatini.

Lugha yetu inaijua tofauti hii vizuri kuliko sisi tunaoisema. Tunayo hisani na tunayo haki. Hisani hutoka kwa mwenye nacho, akipenda na anapopenda. Anayepokea hushukuru, na akilalamika huitwa asiye na shukrani. Haki haina mfadhili. Mwenye haki hudai, huhoji, hukata rufaa. Mzee anayeishi kwa hisani hulazimika kuwa mpole: haombi sana, hapingi sana, hula alichopewa, asije akaonekana msumbufu. Nimewaona watu waliokuwa wakali wa hoja ujanani wakijifunza upole huo wa kuogopa, na sisi tukausifu, tukisema mzee wetu hana makuu. Tunapenda pia kunukuu kwamba penye wazee haliharibiki neno. Tunainukuu kwenye hotuba, kisha tunakaa kikao cha familia kuamua mzee ataishi na nani, na mzee mwenyewe yuko chumba cha pili.

Kinachofanya hali hiyo ionekane ya kawaida ni ubaguzi wa umri. Robert Butler, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, ndiye aliyeupa jina lake la Kiingereza mwaka 1969, akiuweka kundi moja na ubaguzi wa rangi na wa jinsia. Zaidi ya miaka 50 baadaye, ripoti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya Machi 2021 ilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 2 duniani ana mitazamo ya kibaguzi dhidi ya wazee. Nusu ya watu wote. Na anayeibeba mitazamo hiyo akiwa kijana huja kuivaa mwenyewe. Mwaka 2002 Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu waliouona uzee wao kwa jicho jema waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi ya wale waliouona kwa jicho baya. Mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba kuzeeka ni kuchakaa huuingia uzee akiwa amekwisha kukata tamaa. Goti likimuuma haendi kutibiwa, maana "ni umri tu". Akienda, huenda akakutana na daktari anayemwambia hivyohivyo.

Hilo la "ni umri tu" lilikaribia kuwa rasmi. WHO ilipokuwa inakamilisha toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, "uzee" ulikuwa umepangiwa namba yake humo, ukichukua nafasi ya neno la zamani lenye maana ya kudhoofika uzeeni. Wanasayansi, madaktari na vyama vya wazee wakapaza sauti mwaka 2021: ukimwandikia mtu kwamba amekufa kwa uzee, umeacha kutafuta kilichomuua. Neno likaondolewa kabla ya orodha kuanza kutumika Januari 2022, pakawekwa maelezo ya kupungua kwa uwezo wa mwili kunakoambatana na kuzeeka. Wapo waliouona kuwa ugomvi wa maneno. Mimi nauona kuwa ushindi mkubwa, kwa sababu neno linaloandikwa kwenye fomu ndilo linaloamua kama kipimo kitafanywa au mtu ataambiwa arudi nyumbani akapumzike.

Na kwa kuwa tumefika kwenye maneno, ipo kauli tunayoisema kwa mapenzi ambayo naomba tuiache: kwamba mzee amerudi utotoni. Mtoto huamuliwa mambo kwa sababu hajafika. Anakua akielekea siku atakayojiamulia. Mzee amekwisha kuziishi siku hizo. Amelea, amejenga, amezika, amesamehe, amekosea na kuyalipa makosa yake. Ukimwita mtoto unafuta miaka 60 ya kuwa mtu mzima kwa sababu tu mkono wake unatetemeka akishika kijiko. Kauli hiyo haiishii mdomoni. Inakuja na ile sauti nyembamba ya kuvutavuta maneno tunayozungumzia na watoto wachanga. Inakuja na "twende tukaoge" wakati anayeoga ni mmoja. Inakuja na kuingia chumbani mwake bila hodi, kumvua nguo mlango ukiwa wazi, kuwasimulia wageni habari za choo chake naye anasikia. Ukikitazama kimoja kimoja utasema ni kidogo. Vikijirudia asubuhi na jioni mwaka mzima, mtu anakuwa mgeni ndani ya nyumba aliyoijenga.

Kutoulizwa kuna sura yake ya kiserikali pia, nayo ni kutohesabiwa. Kwa miongo kadhaa zile tafiti kubwa za kaya kuhusu afya na idadi ya watu, ambazo nchi nyingi huzitegemea katika kupanga, zimewahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Zilibuniwa kupima uzazi, na kwa uzazi umri huo una mantiki yake. Lakini humohumo ndimo yalimowekwa maswali ya ukatili wa majumbani. Mwanamke anayepigwa akiwa na miaka 48 anaingia kwenye takwimu. Akipigwa na mkono uleule miaka miwili baadaye, hana safu ya kuandikwa. Waziri anayeisoma ripoti atadhani kipigo hukoma siku ya kutimiza miaka 50. Na pale wazee wanapoandikwa, mara nyingi hutiwa kapu moja la "60 na zaidi": mtu wa miaka 61 anayefanya kazi kutwa pamoja na mtu wa miaka 94 asiyetoka kitandani. Hakuna mtaalamu atakayethubutu kuweka mtoto wa miaka 2 na mtu wa miaka 35 kapu moja akaliita kundi.

Mpaka huo wa umri wenyewe, kwa kweli, uliwekwa na mahesabu ya serikali zaidi kuliko na mwili wa mtu. Ujerumani ilipoanzisha bima ya uzeeni mwaka 1889 iliweka miaka 70, na mwaka 1916 ikashusha hadi 65. Watu hawakuzeeka miaka mitano mapema zaidi mwaka ule. Bajeti ndiyo iliyobadilika.

Kisha uko mlango wenyewe wa huduma. Niliwahi kusimama na mzee mmoja wa ukoo wetu mbele ya kifaa cha kusoma alama za vidole, alipokuwa anahakikiwa ili aendelee kulipwa pensheni. Akaweka kidole gumba. Ikawaka taa nyekundu. Akakifuta kidole kwenye shati, akaweka tena; nyekundu. Kijana wa dirishani akamshika kidole, akakigandamiza kwenye kioo mpaka ukucha ukawa mweupe. Nyekundu. Wakajaribu vidole vyote kumi, kimoja baada ya kingine, na foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. "Mzee, vidole vyako havisomeki," akaambiwa, "rudi siku nyingine." Alivitazama vidole vyake kama mtu aliyekuta vimebadilishwa usiku. Ngozi ikizeeka hukauka na mistari yake hufifia, na kwa mtu aliyefanya kazi za mikono miaka 40 mistari hiyo huwa imesagika. Wanaotengeneza vifaa hivyo wanalijua hilo. Yaani kazi iliyompa haki ya pensheni ndiyo iliyofuta ushahidi kwamba yeye ni yeye, na hiyo siku nyingine aliyoambiwa arudi, vidole vingekuwa vilevile.

Sipingi uhakiki. Fedha za marehemu huibwa, na wastaafu katika nchi nyingi hutakiwa kuthibitisha mara kwa mara kwamba wako hai. Ninachopinga ni mfumo ambao ukishindwa kumtambua mtu, adhabu inamwangukia mtu. Sura yake ipo, sahihi yake ipo, mashahidi wapo, na kwa asiyeweza kutoka nyumbani afisa anaweza kumfuata. Anayejenga mfumo bila kumuuliza mwenye miaka 80 ataishia kumfungia nje mwenye miaka 80, hata kama hakukusudia. Ndivyo ilivyo sasa pia kwa huduma zilizohamia kwenye simu, ambapo namba za uthibitisho hudumu muda mfupi tu kabla hazijafutika, kwa mtu anayehitaji kwanza kutafuta miwani.

Niseme sasa juu ya unyanyasaji wenyewe, ule ambao hata sheria za zamani zinautambua. WHO inakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi alitendewa vibaya kwa namna fulani ndani ya mwaka mmoja akiwa katika jamii yake. Katika makao na taasisi hali ni nzito zaidi: wafanyakazi 2 kati ya 3 walikiri kwamba katika mwaka uliotangulia walimtendea vibaya mzee waliyemhudumia. Na shirika hilo limewahi kukadiria kwamba kati ya visa 24 ni kimoja tu kinachoripotiwa.

Nani ataripoti? Anayemdhulumu mzee mara nyingi ndiye anayemletea maji. Ukimshtaki leo, kesho nani atakushusha kitandani? Hata neno "dhuluma" halitamkwi. Huanza na msaada: nipe kadi yako ya benki nikutolee fedha, wewe usipate taabu ya foleni. Kisha namba ya siri inajulikana na watatu. Kisha mzee anaomba fedha yake mwenyewe na kuulizwa za nini. Kisha hati ya nyumba inahifadhiwa "mahali salama" asipopajua. Hakuna siku mlango ulivunjwa, na bado mtu ameibiwa kila kitu. Katika makao ya wazee vitendo ni vingine: kamba laini kiunoni ili asianguke, dawa ya usingizi ili zamu ya usiku iwe na utulivu, nepi kwa mtu anayeweza kwenda chooni kwa miguu yake ila hakuna wa kumsindikiza. Nepi hiyo naiita kwa jina lake, udhalilishaji. Mtu anajua kwamba anajisaidia nguoni, na anajua kwamba hakuhitaji. Na kwa wanawake wazee kuna hatari ya peke yake katika baadhi ya jamii: tuhuma za uchawi, zinazoweza kumgharimu mjane shamba, nyumba, hata uhai, na mara nyingi ukichimba chini ya tuhuma unakuta ardhi. Julai 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio mahususi dhidi ya vitendo vyenye madhara vinavyohusiana na tuhuma hizo na mashambulio ya kitambiko.

Kuna swali gumu ambalo watu wema huniuliza nikifika hapa: na mzee aliyepoteza kumbukumbu, huyo naye utamuuliza nini? Swali ni la haki na linastahili jibu la taratibu. Sheria nyingi zina jibu la mkato: daktari anaandika cheti, mahakama inamteua msimamizi, na kuanzia siku hiyo mtu hana sauti kisheria katika lolote, iwe ni kuuza nyumba au kuchagua rangi ya kanga. Lakini akili haizimiki kama taa. Mtu anaweza asijue leo ni Jumatatu, na akajua vizuri kabisa ni mtoto yupi anamwogopa. Anaweza kushindwa kuhesabu fedha na asishindwe kusema anataka kulala upande wa dirisha. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika kifungu chake cha 12, uliigeuza hoja hii: badala ya kuuliza kama mtu ana akili ya kutosha kuamua, uliza anahitaji msaada gani ili aamue. Labda aulizwe asubuhi anapokuwa na nguvu. Labda aulizwe jambo moja kwa wakati, kwa picha, na mtu anayemwamini. Labda tuandike mapema, angali mzima, anachotaka siku atakaposhindwa kusema. Kazi hiyo inakula muda kuliko cheti cha daktari. Muda huo ndio gharama ya kumchukulia mtu kuwa mtu, na hata palipobaki kidogo sana, uso wake ukikunjamana unapomgusa, amekujibu.

Mtu anaweza kusema haya ni ya kufundishana majumbani, sheria inahusikaje. Inahusika kwa sababu dunia imelipapasa jambo hili tangu zamani na kuliacha. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linautaja uzee katika kifungu cha 25, kwenye orodha ya mambo yanayomkosesha mtu riziki: ukosefu wa kazi, maradhi, ulemavu, ujane, uzee. Kwenye kifungu cha 2, panapoorodheshwa misingi ambayo mtu asibaguliwe kwayo, umri haumo. Inabidi uutafute ndani ya "hali nyingine yoyote". Mwaka huohuo Argentina ilipeleka Umoja wa Mataifa rasimu ya tamko la haki za uzeeni. Ikapelekwa kwenye Baraza la Uchumi na Jamii ikachunguzwe, na haikuwahi kuwa tamko. Mikataba miwili mikuu ya haki za binadamu ya mwaka 1966, ule wa haki za kiraia na kisiasa na ule wa haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni, nayo haikuutaja umri kuwa msingi wa ubaguzi. Mwaka 1995 kamati inayosimamia huo wa pili ilieleza kwamba halikuwa kusudi, ni kwamba mkataba ulipoandikwa suala la kuzeeka kwa jamii halikuwa limeshika kasi kama sasa.

Yakafuata makongamano na matamko ya Umoja wa Mataifa kuhusu uzee. Vienna 1982, mpango wa utekelezaji. Kanuni za Umoja wa Mataifa kwa Wazee, 16 Desemba 1991, kanuni 18 zilizopangwa chini ya uhuru, ushiriki, matunzo, kujiendeleza na utu. Madrid 2002, serikali 159 zikakubali mpango mwingine. Siku ya Wazee Duniani kila tarehe 1 Oktoba, siku ya kupinga unyanyasaji wao kila tarehe 15 Juni. Nimezisoma kanuni zile za 1991 na zimeandikwa vizuri. Zingetekelezwa, mama yangu angeulizwa. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayoifunga serikali. Serikali ikizipuuza, hakuna kamati ya kuiita ijieleze.

Tofauti inaonekana ukitazama waliopata mkataba wao. Watoto walikuwa binadamu kabla ya 1989, na watu wenye ulemavu walikuwa binadamu kabla ya 2006; haki zote za jumla zilikuwa zao kwa maandishi. Kilichobadilika baada ya mikataba ni kwamba serikali ilianza kuulizwa maswali kwa majina yao, mahakama ikapata kifungu cha kunukuu, na mtu wa kawaida akapata neno la kumwambia afisa wa dirishani. Hii ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema haki za wazee tayari zimo kwenye mikataba iliyopo na kwamba mwingine ni urasimu. Kikundi kazi cha wanachama wote wa Umoja wa Mataifa kiliundwa Desemba 2010 kujadili suala hilohilo, kikakutana vikao 14, na mwaka 2024 kikafunga kazi kikiwa kimeorodhesha mapengo yaliyopo na njia za kuyaziba. Tarehe 3 Aprili 2025, mjini Geneva, Baraza la Haki za Binadamu likakubaliana, bila kupiga kura, kuunda kikundi cha serikali mbalimbali cha kuandika mkataba wenye nguvu ya kisheria. Miaka 77 tangu rasimu ya Argentina.

Mabara mawili hayakungoja. Mkataba wa nchi za Amerika wa haki za wazee ulipitishwa Juni 2015 na kuanza kufanya kazi Januari 2017. Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki yake Januari 2016 mjini Addis Ababa, ikahitaji nchi 15 kuiridhia, na ikaanza kufanya kazi Novemba 2024, karibu miaka tisa baadaye. Ndani yake imo marufuku ya mila zenye madhara kwa wazee, tuhuma za uchawi zikitajwa. Nchi ambayo haijaridhia haijafungwa nayo, kwa hiyo swali la kumuuliza mbunge ni jepesi: sisi tumeridhia?

Hoja ya fedha huja mwisho na kwa sauti ya chini: vijana hawana kazi, utawapa wazee? Nadhani hoja hiyo haijawahi kufuatilia noti ya pensheni inakwenda wapi. Esther Duflo, mchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, alichunguza pensheni ya wazee wa Afrika Kusini na kukuta kwamba pale ilipopokelewa na bibi, wajukuu wa kike walioishi naye walikuwa na afya bora ya mwili, uzito na urefu. Ilipopokelewa na babu, hakuona matokeo hayo. Fedha ya mzee haikai mkobani. Na hata kama ingekaa, ingekuwa yake.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ya walezi, kwa kuwa mimi ni mmoja wao. Najua uchovu wa kuamka saa tisa usiku mara ya tatu. Najua ile sauti kali inayotoka kabla hujaikamata, na aibu inayofuata. Duniani kote kazi hii hufanywa zaidi na wanawake, binti au mkwe, bila malipo, mara nyingi huku wakiacha kazi yao na kuingia uzeeni wao wenyewe bila akiba. Haki za mzee hazitasimama ikiwa zimebebeshwa mgongo wa binti mmoja. Anayedai utu kwa mzee bila kudai likizo ya mlezi, mafunzo kwake, mtu wa kumpokea walau siku moja kwa juma, na hifadhi ya jamii inayohesabu miaka aliyolea, amehamisha mzigo kutoka kwa mnyonge mmoja kwenda kwa mwingine. WHO inakadiria kwamba watu wenye miaka 60 na zaidi watakuwa bilioni 1.4 mwaka 2030 na bilioni 2.1 mwaka 2050, na wenye miaka 80 na zaidi watafika milioni 426. Hao wote hawawezi kutegemea kama wamejaliwa binti mwema.

Miezi mitatu baada ya siku ile tulirudi kwa daktari yuleyule. Safari hii nilivuta kiti changu nyuma, karibu na mlango, nikamwachia mama kile cha mbele ya meza. Daktari akaanza kama kawaida, akinitazama mimi juu ya bega la mama: "Dawa anameza?" Nikanyamaza. Kimya kikakaa, kikawa kirefu kuliko nilivyotarajia, mpaka daktari akashusha macho yake kwa mama. Mama akafungua mkoba, akatoa kijikaratasi kilichokunjwa mara nne, akakinyoosha juu ya meza kwa kiganja.

"Daktari," akasema, "ile ya jioni niliiacha. Nikiimeza nasikia kizunguzungu, nikaogopa kuanguka chooni. Nina mwezi wa nne sasa."

Mwezi wa nne. Mara ya kwanza alikuwa amekwisha kuiacha, nami nikajibu kwamba anameza kila siku. Daktari alivuta kiti chake karibu na meza, akachukua kalamu, akamuuliza kizunguzungu huanza baada ya muda gani. Mama akamjibu. Kwenye kijikaratasi palikuwa pamebaki maswali mengine mawili.